Nyuki hakufa shambani, mbona hakurudi mzingani?

Mwanzoni mwa msimu wa nyanya kulitokea maneno kati ya watu wa bloku mbili za kambi yetu. Kikundi cha wafugaji nyuki, ambao mizinga yao iko ng'ambo ya kijito karibu na mashamba ya wenyeji, kilileta mashtaka kwa viongozi kwamba nyuki wao wanaisha. Walioshtakiwa ni wale wanaolima nyanya na biringanya bondeni, kwa kuwa wanapiga dawa kila juma. Wakulima walikataa. Mama mmoja alimwambia mzee wa kikundi, "Mzee wangu, njoo uangalie chini ya nyanya zangu. Ukikuta nyuki mmoja amekufa, nitalipa." Mzee akaenda, akainama, akatafuta mstari kwa mstari, hakuona kitu. Akarudi kwenye mizinga akaona yaleyale: malkia yuko, majana yako, asali iko, lakini nyuki wakubwa wanaotoka kutafuta chakula wamebaki wachache sana.

Kwa sababu sisi wahamasishaji wa afya ndio tunapita nyumba kwa nyumba na habari za vyandarua na za sumu, watu walituuliza nani anasema kweli. Jibu ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Dawa ya kuua wadudu inaweza kumwacha nyuki akiwa hai na bado mzinga ukafa. Jambo hilo hilo, ukiligeuza upande wa pili, linahusu mbu na malaria. Ndiyo maana tumeliandikia ukurasa mzima katika jarida la afya, ingawa wengine watasema nyuki si mgonjwa wetu.

Kwanza tusiwasingizie wakulima kila kitu. Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama. Njaa ikizidi, siafu wakiingia, moshi ukiwa mwingi au watu wakiwasumbua, wanakula asali yao na kuondoka wote pamoja na malkia, na mzinga unabaki masega matupu. Mzinga ambao malkia, majana na asali vipo lakini watafutaji chakula hawapo, huo una habari nyingine. Hao hawakuhama. Walitoka asubuhi wakaenda kazini, na hawakurudi.

Mdudu ananusa kwa nini, anaonja kwa nini?

Sisi tunanusa kwa pua na kuonja kwa ulimi. Nyuki ananusa kwa papasi, yaani zile pembe mbili nyembamba anazozichezesha kichwani. Anaonja kwa ulimi wake mrefu, tena kwa papasi na kwa miguu ya mbele. Mbu naye anaonja kwa miguu. Akitua juu ya ngozi au juu ya chandarua, miguu yake ndiyo inayompa habari ya kwanza. Macho ya nyuki yametengenezwa kwa vijicho vidogo maelfu vilivyopangwa pamoja, na anaona hata aina ya mwanga ambayo sisi hatuioni.

Habari zote hizi zinakimbia kwenda kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Ubongo wa nyuki ni mdogo kuliko punje ya mtama, lakini ndani yake anaweka njia ya nyumbani, harufu ya ua lenye chakula, na saa ambayo ua lile linafunguka. Sasa sikiliza vizuri: dawa nyingi za kuua wadudu tunazouziwa zinapiga hapo hapo, kwenye mishipa ya fahamu.

Ndugu waliotoka Masisi, Rutshuru au kule Musanze nchini Rwanda wanaijua pareto, ua jeupe linalolimwa milimani karibu na volkano na kukaushwa kwa ajili ya kiwanda. Dawa iliyo ndani ya pareto inashika mlango mdogo kwenye mshipa wa fahamu wa mdudu na kuuzuia usifunge. Mshipa unapiga kelele bila kunyamaza, mdudu anatetemeka, anaanguka chali. Wataalamu waliiga dawa ya ua hilo na kutengeneza jamii ya pairethroidi, ambayo ndiyo imo katika vyandarua na katika makopo mengi ya kupulizia mbu. DDT, ambayo nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, inashika mlango huo huo.

Kundi la pili ni oganofosfeti na kabameti. Hizi zinazuia kazi ya kitu fulani mwilini ambacho hufagia ujumbe baada ya mshipa kuupeleka. Ujumbe usipofagiwa unarundikana. Kundi la tatu ni neonikotinoidi, na jina lenyewe linatuambia ukoo wake, yaani nikotini ya tumbaku. Wazee waliokuwa wanaloweka majani ya tumbaku na kumwagia mboga walikuwa wanafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Dawa hizi, kama imidaklopridi na thiamethoksamu, zinajifanya ujumbe wa mwili wenyewe na kukaa mahali pa ujumbe ule. Tena zinaingia ndani ya mmea. Ukizitia kwenye mbegu au kwenye udongo, zinapanda na maji ya mmea hadi kwenye jani, na kutoka jani zinafika kwenye chavua na maji matamu ya ua. Mvua haiziondoi, maana hazipo juu, zipo ndani.

Dozi kubwa inaua pale pale. Dozi ndogo inamwacha mdudu hai, na mishipa yake imechanganyikiwa. Hapo ndipo mambo ya mzee na mama yanaanza kueleweka.

Nyuki anayepotea njia

Nyuki anaweza kwenda kilomita 3 na zaidi kutafuta chakula. Anarudi kwa kusoma jua, kwa kukumbuka miti, vilima na mabati ya nyumba, na karibu na mlango kwa harufu ya ndugu zake. Mwaka 2012 watafiti nchini Ufaransa walichapisha kazi waliyoifanya kwa nyuki 653. Kila nyuki alibandikwa mgongoni kidude kidogo sana cha elektroniki, na mlangoni mwa mzinga kukawekwa mashine inayosoma kidude hicho kila nyuki anapopita. Wengine walipewa maji ya sukari yenye thiamethoksamu kidogo, kiasi kisichoua, na wengine maji ya sukari matupu. Kisha wote waliachiliwa mbali na nyumbani, hadi kilomita 1.

Waliokunywa dawa walipotea zaidi. Mahali walipopafahamu, dawa ilipoteza nyuki kama 10 katika kila 100. Mahali wasipopafahamu, zaidi ya 30 katika kila 100. Na hiyo ni siku moja tu. Nyuki hao hawakufia juu ya ua. Walifia porini, juu ya majani au njiani, kwa njaa na baridi ya usiku, mahali ambapo hakuna mtu anayeinama kutafuta. Mama wa nyanya angeweza kupekua shamba lake hadi jioni asione hata mmoja.

Hesabu ya mzinga ni kama hesabu ya nyumba yenye watoto wengi. Katika msimu wa kazi nyuki mfanyakazi anaishi kama wiki 6. Wiki za kwanza anakaa ndani analea majana, anajenga masega, anafagia. Mwishoni mwa maisha yake ndipo anatoka nje kutafuta. Watafutaji wakipotea kwa wingi, vijana wa ndani wanalazimika kutoka kabla ya wakati, na majana yanabaki bila mlezi. Sisi tuliokimbia vita tunajua nyumba ambayo baba na mama hawakurudi kutoka shambani inakuwaje baada ya mwezi mmoja.

Kupotea njia si shida pekee. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alionyesha kwamba nyuki aliyepata chakula anarudi na kuwachezea wenzake ngoma juu ya sega, gizani. Akitikisa tumbo huku anaelekea juu, maana yake chakula kiko upande wa jua. Akielekea pembeni, wenzake wanajua waliache jua upande upi. Akitikisa muda mrefu, chakula kiko mbali. Mwaka 2012 watafiti wa California waliwapa nyuki imidaklopridi kidogo sana, wakaona mambo mawili. Nyuki wakawa wachaguzi, wanakataa maji matamu ya kawaida na kutaka yale matamu sana tu. Na ngoma zikapungua mara nyingi. Nyuki anarudi na chakula lakini hawaambii wenzake kiko wapi.

Utauliza, kwa nini nyuki asinuse sumu akaikimbia? Kuna dawa ambazo anazikimbia kwa muda, hasa za ukoo wa pareto zikiwa bado mbichi. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Newcastle nchini Uingereza waliwawekea nyuki maji ya sukari ya namna mbili, moja safi na moja yenye imidaklopridi au thiamethoksamu. Walipopima mishipa ya kuonja kwenye midomo ya nyuki, haikuonyesha kwamba inaitambua dawa ile. Hata hivyo nyuki walikunywa zaidi kwenye maji yenye dawa. Sisi huku tuna watu wanaojua tumbaku inavyomshika mtu, na hatuna haja ya kueleza zaidi.

Kwa sababu ya ushahidi wa namna hii Umoja wa Ulaya uliweka vizuizi mwaka 2013, na mwaka 2018 ukakataza imidaklopridi, thiamethoksamu na klothianidini zisitumiwe nje katika mashamba, isipokuwa ndani ya nyumba za mimea zilizofungwa. Katika nchi nyingi za Afrika dawa hizi bado zinauzwa dukani na sokoni.

Turudi bondeni. Ua la nyanya halina maji matamu, na nyuki wa asali halipendi sana. Kwa hiyo mama alikuwa na haki kusema nyuki hawaji kwa ajili ya nyanya. Lakini pembezoni mwa nyanya kuna maboga, katikati kuna magugu yenye maua meupe na ya njano, na asubuhi kuna matone ya maji juu ya majani yote. Nyuki huja kwa hayo. Pampu ikipita, haichagui.

Rafiki wa muhogo

Nyuki si mdudu peke yake anayetusaidia kwa pua yake. Wazee waliotoka Congo watakumbuka miaka ya 1970 na 1980, wakati wadudu weupe kama unga waliposhambulia ncha za muhogo, majani yakajikunja kama ngumi, na sombe ikapotea sokoni. Wadudu hao walitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1981 adui yao alipatikana Paraguay, naye ni nyigu mdogo sana, mdogo kuliko sisimizi, asiyeuma mtu. Alianza kuachiliwa Nigeria mwaka huo huo, kisha akasambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Anataga yai ndani ya mdudu mweupe, na mtoto wake anamla kutoka ndani. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Muhogo mwingi tunaokula hadi leo unalindwa na nyigu yule bila pampu wala senti.

Nyigu yule anampata adui yake kwa harufu ya muhogo ulioshambuliwa. Mtu akipiga dawa kwenye muhogo, anamuua nyigu au anamharibia pua. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba jamaa yake mwingine, nyigu mdogo anayetaga katika pupa wa nzi, akipata imidaklopridi kidogo hasikii tena harufu ya mwenzake wa kuzaa naye, na hapati pupa wa kutagia. Yu hai, anatembea, lakini uzao umekwisha. Kwa maoni yangu muhogo usipigwe dawa kabisa hapa kambini.

Mende nao wana kisa chao. Huko Marekani watu walianza kuwategea mende wadogo wa jikoni chakula kitamu chenye sumu. Baada ya miaka kadhaa baadhi ya mende wakaanza kukikataa. Mwaka 2013 ilielezwa sababu yake. Ulimi wa mende wale ulikuwa umebadilika, glukosi, ambayo ni aina ya sukari, wanaisikia chungu. Waliopenda utamu walikufa, wakabaki wasioupenda, na watoto wao wakarithi. Hiki kisa kikumbukeni, maana tunakwenda kwa mbu.

Mbu: hapa tunataka achanganyikiwe

Kwa nyuki kuchanganyikiwa ni hasara, kwa mbu ni faida yetu. Mbu wa malaria akigusa chandarua chenye dawa, miguu yake inapata dawa, mishipa inawaka, anaruka ovyo, anatoka nje au anaanguka. Hata asipokufa, mara nyingi ameshindwa kuuma usiku ule. Nyumba nyingi zikiwa na vyandarua, mbu wanaokufa wanampunguzia hatari hata jirani asiye na chandarua.

Lakini mbu naye anabadilika, kama mende wale. Katika bonde la Kilombero, Tanzania, utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba baada ya vyandarua kuenea, sehemu kubwa zaidi ya kuumwa ilikuwa nje ya nyumba na mapema jioni. Waliozoea kuingia ndani usiku wa manane walikufa, waliobaki ni wale wa barazani. Nchini Benin, ripoti ya mwaka 2012 ilieleza kwamba katika kijiji kimoja, miaka 3 baada ya vyandarua, mbu wa aina ya funestus walisogeza kilele cha kuuma kutoka saa 8 usiku hadi kama saa 11 alfajiri, wakati mama ameshaamka kuwasha moto.

Mwaka 2020 watafiti wa Liverpool waligundua kwamba baadhi ya mbu wa Afrika Magharibi wana kitu kingi zaidi kwenye miguu, aina ya protini inayoishika dawa ya chandarua isifike kwenye mishipa ya fahamu. Na mwaka 2022 ilitolewa kazi nyingine kuhusu mbu wa homa ya dengi na mbu wa mitaroni: walioguswa na dawa mara moja tu wakapona, walikumbuka harufu yake na mara ya pili walikikwepa chandarua. Kwa hiyo dozi ndogo ndogo zinazotawanyika ovyo zinawafundisha mbu.

Kutokana na haya, mambo matatu kwa nyumba zetu.

La kwanza ni saa. Foleni ya bomba la maji, jiko la nje, redio barazani, watoto kucheza hadi saa 2 usiku: hizo ndizo saa za mbu wa nje. Wavalisheni watoto nguo za mikono mirefu jua likizama, na wadogo waingie ndani ya chandarua mapema, wasingoje wakubwa. Siku za kugawa posho, wanaotoka saa 10 alfajiri kwenda kupanga foleni wajifunike vizuri.

La pili, chandarua kitumike kitandani tu. Tumeona vyandarua vimefunika miche ya kabichi, vimezungushia kuku, vingine vimekwenda kuvulia dagaa. Dawa iliyomo ni sumu kali kwa samaki na kwa nyuki. Nyuki anayetua juu ya kabichi iliyofunikwa kwa chandarua anapata ile ile iliyokusudiwa mbu.

La tatu, msikidharau chandarua kwa sababu mbu haanguki pale pale. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vyenye dawa mbili, ambavyo mojawapo ya dawa ni klofenapiri. Hii haipigi mishipa ya fahamu. Inauzuia mwili wa mbu kutengeneza nguvu, na mbu anaweza kuruka akaenda zake akafa siku ya pili au ya tatu. Mkigawiwa vyandarua vya namna hiyo na mkawaona mbu wanaondoka wazima, msiseme wametupa vya bure.

Kupiga dawa bila kuharibu

Katika kikao cha bloku zile mbili, wakulima na wafugaji nyuki walipatana mambo machache ambayo tungependa na bloku nyingine zifuate. Dawa ipigwe jioni jua likizama, nyuki wakiwa wamerudi. Asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote, maana ua la boga linafunguka alfajiri na kujifunga kabla ya mchana, na nyuki wote wako pale. Magugu yenye maua yakatwe kwanza, siku moja kabla. Mmea wenyewe ukiwa na maua, usubiri. Usipige wakati wa upepo. Mabaki ya pampu yasimwagwe kijitoni. Na mwenye kupiga ampe habari mwenye mizinga tangu jana yake.

Jioni inasaidia kwa dawa inayokauka juu ya jani. Kwa zile zinazoingia ndani ya mmea, saa haisaidii, kwa sababu ua la kesho litakuwa nazo. Hizo zisitumiwe kwenye mazao yanayotembelewa na nyuki kama maboga, alizeti na matikiti.

Na hapa niseme wazi kinachonikera mimi binafsi. Dawa nyingi hapa kambini zinauzwa zimemiminwa katika chupa ya soda, bila karatasi, bila jina. Muuzaji anasema "hii ni kali", basi. Mkulima hawezi kujua ni ya kundi gani, inachanganywa kiasi gani na maji, inakaa siku ngapi kabla ya kuvuna. Akiona wadudu hawafi anaongeza kipimo, au anachanganya mbili. Nunua chombo chenye karatasi yake hata kama mnachangia watu watatu. Chini ya karatasi kuna mstari wa rangi: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo zaidi. Hata ya kijani inaweza kuua nyuki, maana rangi ile imewekwa kwa ajili ya watu.

Dawa ya shamba isiingizwe nyumbani. Tunajua kunguni wanawasumbua, hasa kwenye nyumba za miti na mahema ya zamani. Lakini kupulizia dawa ya nyanya kitandani kisha kulaza watoto ni hatari kubwa. Anikeni matandiko juani, fueni nguo kwa maji ya moto, mwagieni nyufa za vitanda maji yanayochemka, kisha zibeni nyufa kwa udongo. Fanyeni hivyo tena baada ya wiki moja, maana mayai yanaanguliwa. Chupa au bidoni iliyokuwa na dawa isitiwe maji wala mafuta ya posho, hata ikioshwa mara kumi. Itobolewe na kupelekwa kwenye shimo la taka hatari.

Mishipa ya fahamu ya mwanadamu nayo inatumia ujumbe wa namna ile ile kama ya mdudu. Aliyepatwa na sumu ya oganofosfeti au kabameti anatokwa na mate na machozi, anatoka jasho, anatapika, anaharisha, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama tundu la sindano, nyama za mwili zinachezacheza, na kupumua kunakuwa kugumu. Wengine wanaanza kusema ovyo kama waliolewa, na watu wanacheka kumbe mtu anakufa. Mtoeni mahali pale, mvueni nguo zote zilizoloa, mwosheni kwa sabuni na maji mengi pamoja na nywele na kucha. Anayemwosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Mleteni kituo cha afya mchana au usiku bila kungoja barua ya kiongozi wa bloku. Na chupa ya dawa ile, au karatasi yake, ije pamoja na mgonjwa ikiwa imefungwa ndani ya mfuko, kwa sababu dawa ya kutibu sumu ya kundi moja haitibu ya kundi lingine.